Mbona sikio langu halitofautishi "kula" na "kura"?

MuuzaWaru aliuliza:

Salaam wanajukwaa. Swali langu si la utani, ingawa najua mtacheka kwanza. Chekeni, nimezoea.

Mimi ni Mkikuyu wa Karatina. Nauza waru, yaani viazi, kwa jumla pale soko la Kongowea, Mombasa, huu mwaka wa kumi na nne. Mke wangu ni wa hapa hapa Mji wa Kale, na binti yetu wa miaka minane amezaliwa hapa. Nyumbani kwangu, mgeni wa lugha ni mimi.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Kikuyu hakina l, kina r tu. Kulima kwetu ni kũrĩma, mlango ni mũrango, na hata huo ulimi unaonitia aibu tunauita rũrĩmĩ. Kwa hivyo nikizungumza Kiswahili bila kujichunga, r inaingia bila hodi: nakwenda kurara, nimechoka kuria. Nikijichunga ndiyo mbaya zaidi, maana inageukia upande wa pili: "lafiki yangu", "habali ya asubuhi", "nimepata balua". Mkikuyu anayejitahidi ni hatari kuliko aliyejiachia.

Siku ya posa ndiyo sitaisahau. Tulikuja na gari mbili kutoka bara, na vichochoro vya Mji wa Kale mnavijua, mkokoteni wenyewe hupita kwa dua. Baba yangu mdogo ndiye alikuwa msemaji wetu. Akasimama mbele ya wazee, kofia mkononi, akasema kwa adabu zote: "Kabla ya yote, wazee wetu, tunaomba mahari." Alitaka mahali. Mahali pa kuweka gari. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akamtazama, akasema taratibu, "Bwana, mahari mnatoa nyinyi. Hamuombi." Mpaka leo mama mkwe akiniona nashuka garini huniuliza kama nimepata mahari.

Basi, hayo ni ya ulimi na nilishayakubali. Kilichonileta hapa ni sikio.

Juzi binti yangu alichoka kunisahihisha, akaamua kunipima. Akakaa mbele yangu, akaziba mdomo kwa daftari la hesabu, akasema "kula" au "kura" mara 20, mimi naandika. Nilipata 12. Nikasema si mbaya. Mama yake akadakia kutoka jikoni: "Hata shilingi ukiirusha itapata 10."

Tukarudia, sasa daftari likiwa chini. Nikapata 17! Mtoto akaniangalia vile daktari humwangalia mgonjwa anayeficha kitu. "Baba, wewe unaangalia ulimi wangu." Kweli. Ana mapengo mawili mbele, na akisema "kula" naona ncha ya ulimi imetulia pale penye pengo. Ilikuwa macho yangu yanasikia, si masikio.

Sasa nielezeni. Masikio yangu ni mazima. Lori la waru likiingia sokoni saa kumi usiku, kwa injini tu najua ni dereva gani kabla sijatoka kibandani. Shuleni, kidato cha pili, niliandika kwenye mtihani kwamba l ni kitambaza na r ni kimadende, nikapewa alama zote mbili. Kuzijua nazijua. Kuzisikia ndiyo shida. Hii sauti inanipita wapi? Na mtu wa miaka 41 anaweza kufundisha sikio, ama nikubali yaishe?

---

KijanaWaNgong alijibu:

Karibu kwa chama cha kushrabu, sisi tunaochanganya r na l. Tunakutana kira ijumaa, ada ni shiringi hamsini, mahari tutakuambia.

---

MzeeBaraza alijibu:

Kwetu mtoto akichelewa kusema au akisema vibaya hupelekwa kwa fundi akakatwa kimeo. Wewe pengine wazazi walisahau.

---

MwalimuMstaafu alijibu:

Nianze na Mzee Baraza, kwa heshima. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa, mwisho wa kaakaa laini. Hakihusiki na l wala r, maana zote mbili hutengenezwa huku mbele, kwa ncha ya ulimi. Kukikata ni kumwaga damu ya mtoto na kumfungulia mlango wa maambukizi bila faida yoyote kwa matamshi. Naomba tusilishauri hilo hapa.

Sasa wewe, ndugu yangu muuza waru. Nimefundisha fonetiki katika chuo cha ualimu miaka 22, na nakuambia huna kasoro yoyote. Swali lako ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani, kwa sababu wanafunzi huuliza namna ya kutamka tu. Wewe umegundua mwenyewe kwamba tatizo linaanzia kwenye kusikia.

Fanya hivi hapo ulipo. Weka ncha ya ulimi kwenye ufizi wa juu, nyuma ya meno, kama unayetaka kusema "lll". Usiusogeze. Sasa vuta hewa ndani kwa nguvu. Ubaridi unausikia wapi? Pembeni mwa ulimi, kushoto au kulia au kote kuwili. Hiyo ndiyo l. Katikati pamezibwa, hewa inapita ubavuni, na ulimi unatulia pale kwa muda kidogo. Kutulia huko ndiko ulikokuona kwenye pengo la binti yako.

Sasa sema "kura" kwa kasi ya kawaida. Ulimi unaruka, unagonga ufizi ule ule mara moja, unarudi. Mguso wenyewe ni kama sehemu 20 hadi 30 za elfu moja ya sekunde. Vitabu vya shule vinaiita kimadende kwa sababu ukiikaza ulimi hupigapiga mara kadhaa, kama mtangazaji wa mpira anavyosema "goli la karrrne". Katika mazungumzo ya kawaida ni pigo moja, basi.

Kwa hiyo tazama jinsi sauti hizi mbili zilivyo ndugu: mahali pale pale, ncha ile ile, nyuzi sauti zinatetema katika zote mbili. Tofauti iliyobaki ni muda mfupi mno, na njia ya hewa pembeni. Hakuna ajabu lugha nyingi kuzihesabu kuwa sauti moja. Waganda hutamka zote mbili kila siku, lakini kwao ni kitu kimoja: baada ya i au e husikika r, kwingineko l. Zawadi ni ekirabo, ulimi ni olulimi. Mganda hachagui, irabu iliyotangulia ndiyo inayomchagulia. Ukimwambia ametamka sauti mbili tofauti atakushangaa, kama wewe unavyomshangaa binti yako.

Huku kwenye sikio ndiko kwenye mambo. Watu hudhani maneno huja kama shanga kwenye uzi: k, kisha u, kisha l, kisha a. Sivyo. Sema "si", halafu sema "su", ukiwa mbele ya kioo. Katika "su" midomo imeshaviringika kabla s haijaisha, kwa sababu u iko njiani. Sauti zote hulaliana namna hiyo. Kinachofika sikioni ni mkondo mmoja uliochanganyika, na ubongo ndio unaoukata vipande. Unaukata kwa kisu ulichokipata utotoni.

Kisu hicho hunolewa mapema sana. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, huko Kanada, walichapisha utafiti juu ya watoto wachanga wa nyumba za Kiingereza waliosikilizishwa t mbili za Kihindi, moja ya menoni na moja ya ulimi uliokunjwa nyuma, ambazo watu wazima wa Kiingereza hushindwa kuzitenganisha. Wa miezi 6 hadi 8 wengi wao walizitenganisha. Walipofika karibu mwaka mmoja, uwezo ule ulikuwa umeshuka. Mwaka 2006 Patricia Kuhl na wenzake wakatoa matokeo ya watoto wa Marekani na wa Japani, kwa hizi hizi r na l zako, ila za Kiingereza. Kijapani nacho hakitofautishi r na l. Katika miezi 6 hadi 8 watoto wa nchi zote mbili walikuwa karibu sawa. Katika miezi 10 hadi 12 wa Marekani walikuwa wamepanda, wa Japani wameshuka.

Maana yake ni kwamba wewe, ukiwa mgongoni mwa mama yako Karatina, pengine ulikuwa unaweza kuitenganisha l na r. Kisha ubongo ukaona haina kazi hapo nyumbani, ukaacha kuishughulikia ili upate nafasi ya kushughulikia ya Kikuyu. Injini za malori unazitofautisha kwa sababu mkate wako umo humo.

Kuhusu macho yako kusikia: si utani. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akisikilizishwa "ba" huku akitazama mdomo unaosema "ga", mara nyingi husikia "da". Akifumba macho, "ba" inarudi. Ubongo huchukua ushahidi popote unapoupata. Wewe uliupata pengoni.

Je, miaka 41 umechelewa? Hapana, ila utatoa jasho. John Logan, Scott Lively na David Pisoni, wa Chuo Kikuu cha Indiana, walitoa utafiti mwaka 1991 wa Wajapani watu wazima waliofundishwa kusikia r na l za Kiingereza. Siri yao ilikuwa mambo mawili. La kwanza, mwanafunzi aliambiwa papo hapo kama amepata au amekosa. La pili, maneno yalisemwa na watu kadhaa, si mmoja. Hili la pili ndilo watu husahau. Nyuzi sauti za mtoto wa miaka minane zinatetema kama mara 250 hadi 300 kwa sekunde, za mwanamume mzima kama 120, za mwanamke kama 200. Vinywa navyo hutofautiana ukubwa. Ukijifunza kwa sauti ya binti yako peke yake, utakuwa fundi wa kumsikia binti yako, na muuza vitunguu wa jirani atakushinda vile vile.

Na utafiti uliofuata, nao wa Wajapani watu wazima, ulionyesha kitu cha kupendeza: waliofundishwa kusikia tu, bila kufundishwa kutamka, matamshi yao nayo yakaboreka. Kwa hiyo uache ulimi kwanza. Anza na sikio.

---

DadaWaSimu alijibu:

Mwalimu shikamoo. Mimi niko Dar, nimefanya kazi miaka sita kwenye kituo cha huduma kwa wateja, kampuni siitaji. Kazi yangu ilikuwa kusikia majina kutwa nzima, na hii mada imenigusa.

Kaka Muuza Waru, usijione peke yako. Kuna mama mmoja nilimwandika Faida kwenye mfumo, akapiga simu mara tatu kulalamika, mara zote nasikia Faida, nasema "ndiyo mama, Faida, ndivyo ilivyoandikwa". Mara ya nne akapaza sauti: "Mwanangu, S! S ya sukari!" Jina lake Saida. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye fundi wetu wa mitambo alinieleza. Laini ya simu ya kawaida tangu zamani hupitisha mitetemo ya kama 300 hadi 3,400 kwa sekunde, ya juu zaidi hukatwa. Sasa s, ule mvumo wake wa nyoka, nguvu yake kubwa iko juu ya 4,000. Ikikatwa, kinachobaki kinafanana na f. Ndiyo maana kwenye simu kila mtu anakuwa mwalimu wa chekechea: S ya sukari, F ya Fatuma, M ya mama, N ya nanasi. Simu za intaneti zinabeba zaidi, utaona kwenye WhatsApp s inasikika kama s.

Kwa hiyo hata mwenye sikio zima, waya unaweza kumfanya mshamba.

Halafu niseme ukweli mmoja. Hapa tunawacheka Wakikuyu na r yao, lakini mimi nasema "zambi", "selasini" na "gali", na nimemaliza chuo. Dh, th na gh nyumbani kwetu hatukuzikuta. Nikisoma nazitamka, nikikasirika zinapotea.

---

MchungajiWaKijijini alijibu:

Waamuzi 12. Wagileadi waliteka vivuko vya Yordani, kila aliyetaka kuvuka wakamwambia sema "Shibolethi". Mwefraimu akasema "Sibolethi", akauawa. Watu 42,000. Nimelihubiri mara nyingi andiko hilo na sikuwahi kufikiri kwamba pengine yule Mwefraimu, hata dakika ile ya mwisho, aliamini amelisema sawasawa.

---

BiKibokoni alijibu:

Mwanangu Muuza Waru, salaam. Nimekusoma, na hiyo ya mahari imenitoa machozi.

Lakini mimi nawauliza hao wanaokucheka, na hasa nyinyi wa Dar na wa Nairobi mnaojiita mwasema Kiswahili sanifu. Semeni paa. Paa la nyumba. Haya, sasa semeni paa, yule mnyama anayekimbia porini. Mumesema neno moja mara mbili, sivyo?

Kwetu sisi watu wa Mvita hayo ni maneno mawili. La nyumba halina pumzi. La mnyama lina pumzi, p inatoka na upepo. Ukitaka kujua, washa mshumaa, uweke karibu na midomo. Sema paa la nyumba, ndimi ya moto inasimama. Sema paa wa porini, inainama. Vivyo hivyo kaa la moto halipulizi, kaa wa baharini anapuliza. Tembo la mnazi limetulia, tembo mwenye mkonga ana upepo.

Marehemu babangu alikuwa akisema upepo ule ni kaburi la n. Hayo maneno ya wanyama zamani yalianza kwa n au m, kisha ikafa, ikaacha pumzi. Nikafikiri ni hekaya zake, mpaka mjukuu wangu akaenda chuo kikuu akaja kunambia ndivyo wasemavyo na wataalamu. Lakini mjukuu mwenyewe kakulia Nairobi. Namwambia paa, paa, ananikodolea macho. "Nyanya, umesema kitu kimoja." Anajua kaburi liko wapi na upepo hausikii.

Na b yetu je? "Baba" ya Mvita twaivuta ndani kidogo, kama mtu anayemeza. Watu wa bara waipuliza nje. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba nasikia, lakini nasikia.

---

MwalimuMstaafu alijibu:

Bi Kibokoni, shikamoo. Babako alisema kweli tupu. Mimi mwenyewe nimezaliwa Morogoro, nimefundisha jambo hilo la mpumuo kwa miaka mingi, na nakiri mbele ya umma kwamba bila mshumaa silisikii.

---

MuuzaWaru aliandika tena, wiki tano baadaye:

Narudi na ripoti. Samahani kwa kukawia, msimu wa waru ulikuwa umechachamaa.

Kwanza ule mtihani wa kuvuta hewa. Niliufanya palepale kibandani nikiwa nimekaa juu ya gunia. Kijana wangu wa kubeba mizigo alidhani nimepatwa na kitu. Ubaridi ulikuja upande wa kushoto tu. Kumbe hewa yangu ina njia moja. Nikafanya mara kumi, na kwa mara ya kwanza maishani nikajua l *iko wapi*. Shuleni niliijua ilivyoandikwa tu.

Pili, nilitii agizo la sauti nyingi. Nikazunguka soko na simu, nikawaomba watu wanirekodie maneno kumi na sita: kula, kura, mahali, mahari, hali, hari, mbali, mbari na mengine. Mama wa vitunguu, Mdigo mmoja wa nazi, dereva wa lori kutoka Njoro (huyo nilimtoa baadaye, ni Mkikuyu mwenzangu, alikuwa ananiharibia), mpwa wa mke wangu ambaye sauti inavunjika, na mzee wa msikiti anayesema kama yuko ndani ya pipa. Watu saba kwa jumla. Binti akayachanganya, ananichezea kila usiku baada ya kula. Eeh, kula. Nikikosa, shilingi kumi. Anajibu papo hapo, "Umekosa, lete," kwa hivyo sharti la mwalimu limetimia. Wiki ya kwanza mtoto alinunua kalamu za rangi kwa pesa yangu.

Kilichonishangaza ni jinsi ilivyokuja. Nilifikiri itakuja kidogo kidogo, kama kupakua gunia. Siku kumi na moja hakuna kitu, nakisia tu. Siku ya kumi na mbili nikawa namsikiliza mama wa vitunguu, akasema "mahali", na nikaisikia ile l imelala. Sijui niseme vipi. R inagonga na kuondoka, kama mtu anayebisha hodi kisha anakimbia. L inaingia na kukaa. Nikamwomba binti arudie. Ikakaa tena. Nikapata 15 usiku ule.

Sasa napata 17, 18, daftari liwepo au lisiwepo. Mzee wa msikiti bado ananishinda, nikimsikiliza yeye narudi 13. Na maneno yenye zote mbili ni vita. "Lori" nalisema mara thelathini kwa siku na bado linatoka "rori" au "loli". "Rori" nimeamua libaki hivyo hivyo, madereva wote wananielewa.

Ulimi mwalimu alisema utafuata wenyewe. Wiki ya nne mke wangu alisimama mlangoni akanitazama. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Umesema funga mlango." Nikamwambia basi si ufunge. "Sikiliza," akasema, "umesema *mlango*." Sikuwa nimejua.

Tatu, na hii ndiyo sababu hasa ya kuandika. Baada ya kusoma ya Bi Kibokoni nilinunua mshumaa. Mama mkwe alipokuja Ijumaa nikamwomba aseme paa mbili. Alisema bila kufikiri, na moto ukafanya vile vile, ukasimama, ukainama. Yeye alikuwa hajui kwamba anafanya. Miaka yote! Mke wangu akajaribu, ukainama kidogo sana. Binti yangu akajaribu, haukuinama kabisa, mara zote mbili. Mama mkwe akanyamaza muda, akamwita mjukuu wake karibu, akaanza kumfundisha pale pale, mdomo kwa mshumaa, mpaka wakauzima.

Hapo nikaona nafasi yangu imefika. Nikawaambia sasa nyinyi mnisikilize mimi. Kikuyu kina irabu saba, Kiswahili tano. Tuna mũndũ (hiyo ũ yetu husikika karibu na o), yaani mtu, na tuna mondo, yaani mfuko wa kubebea vitu. Nikaziba mdomo kwa lile lile daftari la hesabu, nikasema mara 20, wao wanaandika. Mke wangu, miaka yote hii ya ndoa, 11. Mama mkwe akapata 9, chini ya shilingi ya kurushwa! Akateta kwamba nasema neno moja tu na ninawachezea, kwamba yote ni "mondo", na mondo kwa Kiswahili ni paka wa porini mwenye madoadoa, sasa mtu na mfuko na paka vinaingiaje.

Nikamwambia mama, ukienda Karatina ukamsifu mtu mbele ya wazee, utakuwa umemwita mkoba.

Binti yangu akapata 16. Sikumfundisha. Nadhani ni zile simu za Jumapili na nyanya yake wa Karatina, ambazo mimi nilidhani wanacheka tu.

Mwalimu, asante. Bi Kibokoni, mama mkwe anasema anakufahamu kwa maneno yako tu, na anauliza kama wewe ni wa ukoo gani. Mzee Baraza, kimeo changu bado ninacho.

---

KijanaWaNgong alijibu:

Hongera mkuu. Umetuacha kwa chama peke yetu. Lakini hukumaliza ile stori. Siku ya posa mahari ilikuwaje hatimaye?

---

MuuzaWaru alijibu:

Mahari nililipa. Mahali hatukupata, gari zililala Makadara.